Hamu ya Kusoma Inapopotea: Rudi Pale Ulipoacha Kuelewa

Mwanafunzi wa kidato cha tatu anapoletwa kwangu na mzazi wake kwa maelezo kwamba "siku hizi hataki kusoma", sianzi kwa kumuuliza sababu. Mara nyingi haijui, na akiulizwa mbele ya mzazi atajibu lolote litakalomtoa ofisini haraka. Ninamwomba daftari lake la hisabati, la mwaka huu na la mwaka jana kama bado lipo, kisha ninalifungua kutoka nyuma kwenda mbele. Kurasa za mwisho huwa zimeandikwa kwa mwandiko mzuri: tarehe, kichwa cha mada, mifano ya ubaoni iliyonakiliwa bila kuruka hata nukta. Kinachokosekana ni kazi yake mwenyewe. Hakuna zoezi lililosahihishwa, hakuna hesabu iliyokatwa na kurudiwa, hakuna alama ya vema wala ya kosa. Ninaendelea kufunua, wiki baada ya wiki, mpaka nifike kwenye ukurasa ambako kalamu nyekundu ya mwalimu inaonekana kwa mara ya mwisho. Hapo mara nyingi pana maksi mbili au tatu kati ya kumi, chini yake neno "masahihisho" limepigiwa mstari kwa rula, na chini ya mstari huo hakuna kitu.

Nafasi hiyo tupu ndiyo siku hamu ilipoanza kuondoka. Utoro wa vipindi vya mchana, simu chini ya mto, usingizi kila anaposhika kitabu na majibu ya mkato kwa mzazi vilikuja baadaye, na mtu anayeanza kwa kupambana navyo atachoka kabla kijana hajabadilika. Sisemi kwamba uvivu haupo. Ninachosema, baada ya miaka mingi ya kufundisha hisabati katika shule ya kata, ni kwamba mvivu wa kweli ni nadra kuliko tunavyodhani, na kwamba wengi tunaowaita wavivu ni watu walioacha kuelewa wakaona haya kusema. Kijana asiyeweza kukaa na kitabu cha kemia kwa robo saa atakaa saa tatu na pikipiki iliyogoma kuwaka, kwa sababu kwenye pikipiki anaona alipofika na anajua hatua inayofuata.

Kwa hiyo mwongozo huu unashikilia jambo moja: hamu haitangulii uelewa, bali huufuata. Anayesubiri hamu irudi ndipo afungue kitabu atasubiri hadi Novemba, mwezi wa mtihani wa taifa.

Kabla ya kulaumu moyo, kagua mwili

Kuna mambo machache yanayofanana sana na kukosa hamu ingawa si yenyewe. La kwanza ni macho. Mwanafunzi asiyeona vizuri vitu vya mbali hajui kwamba haoni vizuri, kwa kuwa hajawahi kuona kwa macho ya mtu mwingine. Anachojua ni kwamba ubao unachosha. Atanakili kutoka kwenye daftari la jirani, ataumwa kichwa ifikapo mchana, na taratibu atahamia dawati la nyuma ambako hakuna anayemuuliza kitu. Jipime hivi: kaa dawati la mwisho, ziba jicho moja kwa kiganja bila kulikandamiza, soma tarehe na kichwa cha somo vilivyoandikwa ubaoni, kisha badilisha jicho. Mwenzako akisoma bila shida kile ambacho wewe unakikisia, nenda ukapimwe kwenye kliniki ya macho kabla hujanunua kitabu kingine chochote.

La pili ni usingizi. Wataalamu wa usingizi wanapendekeza usingizi wa muda wa saa nane hadi kumi kila usiku kwa vijana wa miaka 13 hadi 18. Linganisha na maisha ya mtoto wa Dar es Salaam anayeamka saa kumi alfajiri ili awahi daladala, au ya mwanafunzi wa bweni anayekesha hadi saa saba usiku kwa sababu bwenini kukesha ni sifa. Ubongo hutumia usingizi kuimarisha yale yaliyosomwa mchana, kwa hiyo anayekesha kila siku anabomoa usiku alichojenga darasani. Ukiwa wa bweni, lala baada ya prepo, yaani kipindi cha kujisomea usiku, na wanaokucheka waache wacheke.

Njaa na homa nitazipitia haraka, maana kila mtu anazijua. Aliyetoka nyumbani bila kunywa hata uji na atakayekula tena jioni hawezi kulaumiwa kwa kusinzia kipindi cha saba. Anayepata homa kila baada ya wiki chache apimwe malaria na upungufu wa damu, wala asimeze dawa za kubahatisha.

Uzi hukatikia wapi

Katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania masomo hufundishwa kwa Kiswahili, na Kiingereza ni somo mojawapo tu. Akiingia kidato cha kwanza, mtoto huyohuyo anatakiwa kusoma baiolojia, jiografia, fizikia na hisabati kwa Kiingereza, baada ya kozi fupi ya kumwandaa. Aliyeweza kueleza kwa lugha yake jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua anakuta jambo hilohilo limevaa jina asiloweza kulitamka. Hakuusahau usanisinuru, wamepotezana tu. Mwalimu anasema sentensi na kuiacha hewani bila neno la mwisho, darasa zima linaitikia neno hilo kwa sauti moja kama kiitikio cha kwaya, na wote wanaondoka wakiamini kwamba somo limeeleweka. Nimefundisha hivyo mwenyewe mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Katika hisabati uzi hukatikia mahali padogo zaidi. Chukua mlinganyo huu: 3 − 2(x − 4) = 5. Wanafunzi wengi waliokata tamaa huandika mstari wa pili kuwa 3 − 2x − 8 = 5, kisha wanamalizia na x = −5, ilhali jibu ni 3. Kosa ni moja tu, kwamba hasi 2 ikizidishwa kwa hasi 4 inatoa chanya 8, nao wameendeleza hasi. Hilo ni jambo la kidato cha kwanza, na linaweza kueleweka kwa vipindi viwili vya utulivu. Lakini asiyelijua ataliingiza kwenye milinganyo ya kipeo cha pili katika kidato cha pili, kwenye mfuatano wa namba katika kidato cha tatu, na kwenye matriki katika kidato cha nne, na kila mara atawekewa kosa kana kwamba ni mada mpya iliyomshinda. Yeye anaamini ameshindwa na mada ishirini, kumbe ameshindwa na alama moja.

Kinachofuata baada ya hapo kimechunguzwa na wanasaikolojia. Mwaka 1967 Wamarekani Martin Seligman na Steven Maier walichapisha matokeo ya jaribio ambalo leo lingezua maswali mengi ya kimaadili. Mbwa waliokuwa wamepigwa shoti za umeme wasizoweza kuzizuia kwa namna yoyote walihamishiwa kwenye kisanduku ambamo wangeweza kuruka kizuizi kifupi na kuwa salama, na wengi wao hawakuruka. Walijilaza tu wakivumilia. Mbwa waliokuwa na njia ya kuuzima umeme hapo awali, waliruka. Maumivu yalikuwa sawa kwa makundi yote mawili. Tofauti ilikuwa kwamba kundi moja lilikwisha kujifunza kuwa juhudi haibadilishi kitu. Mwanafunzi aliyesoma akapata F, kisha asisome akapata F ileile, amejifunza somo hilohilo, na ukimwambia "ongeza bidii" anakuona kama mtu asiyefuatilia matokeo.

Anayedhani kwamba hili ni tatizo la watoto wachache wenye tabia mbaya akumbuke matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, ambapo zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri, hata serikali ikaunda tume na matokeo yakapangwa upya mwaka 2013. Watoto wa nchi nzima hawawezi kuwa waliamka siku moja wakiwa wavivu.

Iko sababu nyingine ambayo wazazi hawapendi kuisikia. Kijana anayemwona kaka yake mwenye shahada akiendesha bodaboda ana haki ya kuuliza kusoma kuna faida gani. Usimdanganye kwamba cheti kitampa kazi, kwa sababu ameshaona kwa macho yake, na ukimdanganya kwa hilo hatakuamini hata kwa mengine. Mwonyeshe mlango ulio karibu, unaofunguka au kufungwa ndani ya miezi michache: nani anaweza kwenda kidato cha tano na nani hawezi, nani anapokelewa katika chuo cha afya au cha ualimu. Mlango wa miaka kumi ijayo hakuna anayeweza kumwonyesha kwa uaminifu.

Chagua somo moja, na lisiwe lile unaloliogopa zaidi

Sasa ninazungumza na mwanafunzi mwenyewe. Kosa la kwanza la anayetaka kuanza upya ni kuchora ratiba ya masomo tisa kwa kalamu za rangi, kuibandika ukutani, na kuiacha siku ya tatu. Chagua somo moja kwa wiki mbili za mwanzo, na ulichague kwa hesabu. Katika mtihani wa kidato cha nne D huanzia alama 30, C huanzia 45, B huanzia 65 na A huanzia 75. Ukiwa na 41 za jiografia na 12 za fizikia, jiografia iko umbali wa alama nne tu kutoka C, wakati fizikia itakugharimu alama kumi na nane kufikia D. Ili uchaguliwe kuingia kidato cha tano unahitaji angalau C tatu katika masomo yasiyo ya dini, na jumla ya pointi isiyozidi 25 katika masomo saba uliyofanya vizuri zaidi, maana gredi ikiwa bora pointi zake huwa chache. Kwa hiyo anza na jiografia. Fizikia utairudia, lakini sasa unahitaji kuona juhudi yako ikihamisha alama kutoka mahali pamoja kwenda pengine, na hilo litaonekana mapema zaidi mahali ambapo umbali ni mfupi.

Kisha tafuta ukurasa wako. Chukua orodha ya mada za somo hilo kuanzia kidato cha kwanza, na kwa kila mada fanya maswali mawili mepesi bila kufungua daftari wala kumwuliza mtu. Usijipe maksi za huruma. Mada ambayo umekosa yote mawili iwekee duara, kisha rudi nyuma mada moja moja hadi ufike kwenye mada uliyopata yote mawili. Hapo ndipo pa kuanzia: kwenye mada ya mwisho uliyoiweza, kwa jioni moja ya kujikumbusha, halafu ile inayoifuata.

Itakubidi ushike kitabu cha kidato cha chini, pengine hata cha darasa la saba, na utaona haya. Kifunike jalada kwa gazeti kama ni lazima. Nimewaona vijana wakihangaika kutoka tuisheni moja hadi nyingine kwa mwaka mzima kutafuta mwalimu atakayewaelewesha logarithi, na mwisho wakarudi kwenye sehemu na namba hasi, maana mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Aliyekubali kurudi mapema alitumia wiki tatu.

Kukaa mezani

Mwishoni mwa miaka ya 1980 mwanafunzi wa chuo wa Italia, Francesco Cirillo, aliyekuwa akishindwa kutuliza akili kwenye vitabu, alichukua saa ya jikoni yenye umbo la nyanya na kujiwekea muda mfupi wa kusoma bila kufanya jambo lingine. Utaratibu uliotokana na hapo ni wa dakika 25 za kazi na dakika tano za mapumziko. Hakuna muujiza katika namba 25. Kwa mtu ambaye hajasoma kwa hiari tangu mwaka jana, mimi huanza na dakika 12, na ninasisitiza aache zikiisha hata kama bado anaweza kuendelea. Anayeondoka mezani akiwa na nguvu hurudi kesho yake, na anayeondoka amechoka hutafuta sababu ya kutorudi.

Muda huo uwe na kazi inayotajika. "Nitasoma kemia jioni" si kazi, ni nia njema. Andika hivi: "Nikimaliza kuosha vyombo, nitakaa kwenye meza ya sebuleni nifanye swali la 1 hadi la 4 la zoezi la tatu." Mwanasaikolojia wa Ujerumani Peter Gollwitzer ameonyesha kwa tafiti zake kwamba mpango unaotaja ni lini, ni wapi na ni kitu gani hutekelezwa zaidi kuliko nia ya jumla, kwa sababu tukio lenyewe, yaani vyombo kuisha, ndilo linalokukumbusha, bila wewe kushauriana na moyo wako kwanza. Ambaye nyumbani kwao hakuna meza wala sebule, au kuna sebule yenye televisheni na watu sita, atumie nusu saa ya darasa tupu kabla ya kuondoka shuleni. Nusu saa hiyo ina thamani kuliko saa mbili za kupigania taa.

Sasa ukishakaa, ufanye nini? Hapa ndipo wengi wanapoteza jasho lao. Njia waliyoizoea ni kusoma daftari tangu juu hadi chini, mara tatu, wakipigia mistari kwa rangi, mpaka maneno yazoeleke machoni. Kuzoea si kujua. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi maandishi mafupi. Baadhi waliyasoma tena, wengine waliandika walichokumbuka bila kuyatazama. Baada ya dakika tano waliosoma tena walifanya vizuri zaidi. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, na waliojipima walikumbuka zaidi kwa tofauti kubwa. Mtihani wa taifa hauji baada ya dakika tano.

Kwa hiyo funga daftari, chukua karatasi tupu, andika kichwa cha mada juu, na uandike kila unachokumbuka kuhusu mada hiyo: maana, mchoro, mfano, fomula. Utakwama kwenye mstari wa nne na utajisikia vibaya. Vumilia dakika mbili zaidi ukiwa umekwama, kwa kuwa ni katika kule kutafuta ndiko kumbukumbu inakoimarika. Kisha fungua daftari, chukua kalamu ya rangi nyingine, jazia yaliyokosekana. Rudia zoezi hilohilo kesho, halafu baada ya siku tatu, halafu baada ya wiki. Utafiti wa Mjerumani Hermann Ebbinghaus, uliochapishwa mwaka 1885, ulionyesha kwamba usahaulifu ni mkali zaidi katika saa na siku za mwanzo, kisha hupungua kasi. Ndiyo maana kurudia mapema, hata kwa dakika kumi, kunaokoa mengi. Hifadhi karatasi zako zote kwenye bahasha moja. Ukizipanga kwa tarehe utaona rangi ya pili ikipungua.

Kwa hesabu, badala ya karatasi tupu weka daftari la makosa. Kila swali ulilokosa linakiliwe humo upande wa kushoto, na upande wa kulia uandike kwa maneno yako, kwa Kiswahili, ulikosea wapi: "niliisahau hasi nje ya mabano". Usiandike "sikuwa makini", maana hilo halikufundishi chochote. Ukurasa wa tatu au wa nne utashangaa kuona sentensi moja imejirudia mara saba, na utakuwa umelipata lile jambo moja lililokuwa likijivika sura za mada ishirini.

Kuhusu lugha, shauri langu halitawafurahisha walimu wote. Elewa kwanza kwa Kiswahili, kisha uhamishe. Kaa na mwenzako, mweleze mzunguko wa maji au mmeng'enyo wa chakula kwa Kiswahili cha kawaida mpaka aweze kukuuliza swali la maana, halafu wote wawili mjaribu kuandika maelezo hayohayo kwa sentensi tano za Kiingereza, fupifupi. Katika daftari dogo la mfukoni andika maneno mapya matano kwa siku, kila neno likiwa ndani ya sentensi ya somo husika. Maneno matano kwa siku za shule yanazidi mia moja kwa mwaka wa kwanza hata ukisahau mengi, na maneno ya maswali yenyewe, yanayokutaka ueleze, utofautishe au uorodheshe, hayafiki thelathini. Yaanze hayo. Wapo wanaoikosa C kwa sababu waliorodhesha pale walipotakiwa kueleza.

Simu iwe chumba kingine, si kifudifudi mezani. Kikundi cha kusoma kisizidi watu watatu au wanne, na kila mmoja aje na swali alilolishindwa; kikundi kisicho na maswali ni kijiwe. Tuisheni ni nzuri kwa anayejua anachokwenda kuuliza.

Kwa mzazi na kwa mwalimu mwenzangu

Mzazi anayeahidi simu kwa ajili ya daraja la kwanza anakusudia mema, lakini zawadi ina kasoro yake. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake walichapisha jaribio walilofanya kwa watoto wadogo waliopenda kuchora. Watoto walioahidiwa cheti kizuri ili wachore, wakachora na wakapewa, baadaye walionekana wakichora kwa hiari yao kidogo kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Kazi iliyokuwa raha iligeuka kuwa ujira. Kwa kijana aliyekwisha kupoteza hamu kuna ubaya mwingine zaidi: anajua daraja la kwanza haliko karibu, kwa hiyo ahadi hiyo ni ya mtu mwingine. Ukitaka kusifu, sifia kitu kinachoonekana kwenye karatasi. "Naona safari hii hukuisahau hasi" ni sentensi ndogo inayomwambia mtoto kwamba umefungua daftari lake. Wazazi wengi wanaosema hawakusoma, hivyo hawawezi kusaidia, wanaweza kufanya hilo: kuomba daftari kila Jumapili, kuhesabu masahihisho yaliyofanywa, na kuuliza, "Hili ulikosea nini?" Haihitaji kujua jibu.

Kumlinganisha na dada yake kuache. Viboko kwa sababu ya maksi viache pia. Hofu humfundisha mtoto kuficha daftari, na daftari lililofichwa ndilo tunalolihitaji.

Kwa walimu nina la kukiri. Katika shule niliyoanzia kazi nilikuwa na desturi ya kusoma matokeo ya zoezi kwa sauti, kuanzia wa mwisho kwenda wa kwanza, nikiamini aibu itawaamsha. Kijana mmoja aliyekuwa akitajwa wa kwanza kila mara alianza kutokuja siku za hisabati, na nilipouliza nikaambiwa anavua samaki na mjomba wake. Nilimwandika mtoro. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba mimi ndiye niliyemwonyesha njia ya ziwani. Siku hizi ninarudisha madaftari yakiwa yamefungwa, na katika kila zoezi ninaweka swali moja la mada ya zamani ambalo najua hata wa mwisho atalipata.

Inapokuwa si suala la masomo

Kuna wakati daftari litaonyesha kitu kingine: kazi nzuri, masahihisho yote, kisha ghafla, ndani ya wiki moja, kila somo limekatika kwa pamoja. Huyo hakuacha kuelewa. Ameguswa na jambo nyumbani au njiani: msiba, wazazi kutengana, mimba, mtu mzima anayemsumbua, au huzuni isiyokwisha inayomnyima usingizi na chakula. Ratiba ya kusoma haitamsaidia. Mtafutie mtu anayemwamini, awe mwalimu wa ushauri nasaha, matroni, shangazi au kiongozi wa dini, na ajue kwamba namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bila malipo. Binti aliyeacha shule kwa ajili ya ujauzito ajue pia kwamba tangu mwishoni mwa mwaka 2021 serikali inaruhusu arudi katika mfumo rasmi baada ya kujifungua.

Kwa wengine wote, kuanguka kutakuwapo. Wiki ya msiba, ya mavuno au ya mashindano ya michezo itapita bila dakika 12 hata moja. Usijaribu kulipa deni hilo kwa kukesha Jumapili. Fungua daftari la makosa, chagua swali moja ulilowahi kulikosa na kulisahihisha, lifanye tena bila kutazama, basi. Kesho yake endelea ulipoishia.

Wapo watakaouliza watajuaje kwamba hamu imerudi. Binti mmoja wa kidato cha tatu, aliyekuwa amefika kwangu akiwa na ile nafasi tupu chini ya neno "masahihisho", tulianza naye kwenye namba hasi mwezi wa pili. Kwa wiki kadhaa alikuja, alifanya maswali yake manne, aliondoka. Hakuna aliyemwona akitabasamu. Mwezi wa nne akanifuata nikiwa ninakunywa chai ofisini, akiwa ameshika daftari kwa mikono miwili, na bila salamu ndefu akasema, "Mwalimu, swali la sita umenikosesha." Nikamwambia aliache mezani. Akasema, "Shikamoo, lakini naomba uliangalie sasa hivi." Niliweka kikombe chini nikapitia mstari kwa mstari. Alikuwa sahihi. Nikakata kosa langu, nikamwekea vema, naye akaondoka akihesabu jumla yake upya kwa vidole.